Mstari wa Ng'ombe na Mstari wa Mwanangu

Nafanya kazi ya kufua kwenye loji moja kando ya barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Kazi yangu ni mashuka. Wageni hulala, asubuhi wanashuka Kreta kutazama wanyama, sisi tunabaki na vitanda vyao. Hakuna mwenye sababu ya kuongea na mtu wa mashuka, na kwa muda mrefu hilo lilinifaa.

Nilizaa watoto wawili, wote wa kiume. Wote wawili wamekufa, na wote wawili miguu yao ilitangulia.

Wa kwanza alikuwa fundi ujenzi. Miguu ilimkakamaa kidogo kidogo mpaka akawa anatembea kama mtu aliyefungwa vijiti magotini. Lakini siwezi kusema ugonjwa ndio uliomuua. Ilikuwa masika, alikuwa anavuka korongo akitoka mjini Karatu, maji yakashuka ghafla kutoka msituni. Wenzake waliruka wakafika ng'ambo. Yeye hakuweza kuruka. Wakati huo mdogo wake alikuwa ameshaanza kuumwa. Huyu wa pili aliishia kitandani. Mkojo ukawa unamsumbua, homa zikawa zinakuja na kuondoka, na homa moja haikuondoka.

Baba yao hakuyaona hayo. Alikufa wao wakiwa wadogo, siku lori la ngano alilopanda lilipopinduka kwenye mteremko wa kushukia Mto wa Mbu. Alikufa akiwa kijana mwenye miguu mizuri. Kwenye ngoma watu walikuwa wanamwachia uwanja. Jambo hilo ndilo lililonimaliza baadaye, kwa sababu kila aliyemkumbuka alikumbuka miguu yake, na akitoka hapo anawatazama wanangu, halafu ananitazama mimi.

Mimi si mtu wa huku juu. Kwetu ni Baray, upande wa Ziwa Eyasi, kwenye joto na vitunguu. Niliolewa nikapandishwa milimani kwenye baridi. Kwenye msiba wa mwanangu wa pili, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikaa na wanawake waliokuwa wanachambua mchele. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Nilimsikia akisema kwa Kiiraqw, "Miguu hii si ya kwetu. Imepanda kutoka bondeni." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua imechelewa. Mwanamke mmoja akaguna, na mchele ukaendelea kuchambuliwa.

Zamani kwetu Wairaqw kulikuwa na desturi iitwayo metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo cha namna fulani ilijitenga. Watu wake hawakuingia kwa jirani, hawakula na wengine, mifugo yao haikuchanganyika na ya wengine, mpaka muda upite na wazee waseme sasa basi. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa, na katekista anasema mambo hayo yamekwisha. Kwangu hakuna mzee aliyekuja kuniambia jitenge. Ila baada ya msiba ule niligundua kwamba nikifika kisimani wenzangu wamemaliza. Nikipika chai, mgeni ametoka kunywa. Ng'ombe wangu mmoja akikaribia birika la kunyweshea, mtu anasema ngoja kidogo hawa watoke. Basi nikaanza kumnywesha chini kabisa, mbali. Nikaacha kupita njia ya juu, ile inayopita mbele ya nyumba ya wifi, nikawa nazunguka kwenye mashamba ya mbaazi. Kwa kuwa hakuna aliyetangaza kwamba imeanza, hakukuwa na wa kutangaza kwamba imekwisha. Nilikaa humo.

Mwanangu wa pili alipokuwa bado hai tulimpeleka hospitali ya rufaa, na huko walimchukua damu ya uchunguzi. Nilisahau. Mtu akifa unasahau damu yake iliyobaki kwenye vichupa vya watu. Kisha mwaka juzi nikapigiwa simu na daktari, binti, akaniomba tuonane kituo cha afya cha Karatu mjini.

Alikuwa na umri kama wa wanangu. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti upande wake wa meza, si upande wa mgonjwa, akafungua kompyuta.

"Mama, nitakuonyesha kitu, lakini ukichoka niambie."

"Nimemaliza darasa la saba tu," nikamwambia.

"Inatosha. Ni kulinganisha tu, kama kuchagua maharage."

Akanieleza kwamba kutoka mgongoni mpaka kwenye kidole cha mguu kuna nyuzi za neva, ndefu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Ndani ya nyuzi hizo kuna mizigo ya kusafirishwa, na inayoibeba ni protini ndogo mno yenye miguu miwili. Inatembea hatua kwa hatua na mzigo mgongoni. Nilidhani ananirahisishia kama mtoto. Akasema hapana, ndivyo ilivyo, inatembea kweli, watu wameitazama. Protini hiyo imetungwa kama shanga, na kila aina ya shanga wataalamu wameipa herufi. Ukiziandika zote unapata mstari mrefu.

Kwenye kioo kulikuwa na mistari mingi, mmoja juu ya mwingine. Mstari wa juu, mtu. Chini yake panya. Chini yake ng'ombe, kuku, chura, nzi.

"Huyu wa mwisho?"

"Hamira."

"Hamira ya maandazi?"

"Hiyo hiyo. Hamira ni kiumbe, mama. Ya kwake ni ya ukoo wa mbali kidogo, lakini sehemu hii inafanana."

Akateremsha kidole kwenye kioo. Sehemu nyingine herufi zilikuwa zinatofautiana. Mtu ana hii, kuku ana ile, nzi ana ya kwake. Akafika mahali ambapo herufi ilikuwa moja kutoka juu mpaka chini, kama nguzo ya nyumba. Mtu, panya, ng'ombe, kuku, chura, nzi, hamira. Wote.

"Herufi ikibadilika ovyo kati ya wanyama, tunajua haina kazi kubwa. Lakini ikikaa vilevile kwa wote hivi, miaka yote, maana yake ni kwamba kila aliyezaliwa nayo ikiwa tofauti hakufika..."

Akanyamaza. Akaniangalia. "Samahani, mama."

"Malizia."

"Hakufika mbali."

Kisha akaongeza mstari mwingine chini ya hamira. Ulikuwa wa mwanangu. Ulikwenda sawasawa na ule wa mtu, herufi kwa herufi, mpaka kwenye ile nguzo. Hapo palikuwa na herufi nyingine. Moja tu. Baada ya hapo uliendelea sawasawa mpaka mwisho.

Nilitazama kwa muda. Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki na inakataa.

"Na nyumbu?" nikauliza.

"Nyumbu sijamweka hapa, lakini nina hakika anayo."

"Na fisi?"

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Hata fisi, mama."

"Fisi naye anayo," nikasema.

Aliniambia kwamba kwa hayo na mengine waliyopima, anaamini herufi ile ndiyo iliyomharibia mwanangu miguu, na bila shaka na ya kaka yake, ingawa damu ya kaka yake hawakuwahi kuipata. Akasema haikuwa laana wala chakula wala kitu nilichofanya nikiwa na mimba. Hilo la mimba sikuwa nimemuuliza. Nadhani akina mama wote huliuliza.

"Imetoka wapi?"

"Mara nyingi inatoka kwa mzazi mmoja. Kujua ni yupi nahitaji damu yako. Si lazima. Unaweza kwenda nyumbani ukafikiri."

Nilikunja mkono wa gauni langu.

Nisiseme uongo. Sikutoa damu kwa ajili ya elimu wala kwa ajili ya watu wengine. Nilitoa ili niambiwe si mimi. Kwa maisha yaliyobaki nilikuwa nahitaji kitu kimoja tu, kujua kama niliwaua wanangu kwa kuwazaa.

Jioni ile nilikamua ng'ombe wangu. Nilikuwa nimeegemeza kichwa ubavuni mwake kama siku zote, kuna joto pale. Nikawaza kwamba ndani yake, huko chini kwenye miguu yake, vibebeo vile vinatembea na herufi iliyo sahihi. Hata nzi aliyekuwa kwenye jicho lake anayo. Na kule juu, nyuma ya msitu, Kreta nzima inayo, na wageni walioishuka asubuhi wanayo, na hamira ya maandazi kwenye duka la Mpemba inayo. Viumbe wote wa Mungu wamesimama kwenye mstari, na waliotoka ni wanangu wawili. Sikuwahi kuwaonea huruma kama siku ile. Walipokuwa hai sikuwa na nafasi ya kuwaonea huruma. Nilikuwa nawainua, nawalaza, naosha.

Majibu yalichukua muda. Mvua za vuli zikaja, tukapanda, tukapalilia. Kazini nilikunja mashuka. Tunakunja wawili wawili, kila mtu anashika ncha, na mwenzangu wa kukunja ni dada mmoja kutoka Arusha ambaye hanyamazi. Simu ilipoita tulikuwa katikati ya shuka. Akaniona ninavyoitazama simu bila kuipokea.

"Ni mchumba huyo?"

"Ni daktari."

"Basi mwambie na mimi sina mtu." Kisha akaniona vizuri, akachukua ncha zangu za shuka, akatoka nalo nje.

Binti daktari alitaka tuonane uso kwa uso. Nikamwambia aseme tu.

"Mama, ya kwako ni ile ile ya wote."

"Ya ng'ombe."

"Ndiyo, mama. Ya ng'ombe."

Nikakaa juu ya lundo la taulo. Akaendelea kunieleza polepole. Damu ya baba yao hawana. Lakini kwa kuwa watoto walikuwa wawili, na mimi sina, inaelekea ilipita kwake. Huenda alikufa kabla ya kufikia umri wa kuumwa. Nikamuuliza kuhusu ndugu zake. Akasema wanaweza kuwa nayo, wanaweza wasiwe nayo, na mwenye nayo huweza kuumwa mapema, kuumwa uzeeni au asiumwe kabisa, na huweza kumpa mtoto au asimpe. Angependa kuwaona, kama wangekubali.

"Kuna dawa?"

"Ya kuponya hakuna, nisikudanganye. Kuna mazoezi, kuna dawa za kulegeza misuli. Na mkojo, mama. Mkojo ukiangaliwa mapema mtu hafiki kwenye zile homa."

Nikamuuliza kama mwanangu wa pili angeangaliwa mapema. Akasema, "Sijui, mama. Labda." Nilimshukuru.

Nilitegemea furaha. Haikuja. Kilichokuja ni kitu ambacho nashindwa kukieleza vizuri, lakini nitajaribu. Wakati nilipodhani labda imetoka kwangu, nilikuwa na hatia, lakini nilikuwa nao. Kilichowaua kilikuwa ndani yangu pia, tulikuwa tumekibeba pamoja. Sasa nimeambiwa kwamba hata hicho hatukuwa nacho pamoja. Mimi nimo kwenye mstari na ng'ombe na hamira, wao hawamo. Nilirudi nyumbani kupitia mashamba ya mbaazi, nikala ugali baridi nimesimama.

Kisha nikamkumbuka baba mkwe. Uzeeni alikuwa anaburuta miguu, fimbo huku na fimbo huku, na magoti hayakunjiki. Tulisema ni baridi ya mlimani. Tulisema ni uzee. Alikuwa akikaa juani na wifi akimsugua miguu kwa mafuta ya kondoo. Hakuna aliyesema miguu yake imepanda kutoka popote.

Hapo ndipo nilipojua nina kitu mkononi. Wifi ana watoto watatu, wote watu wazima, na wajukuu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza pia kwenda kusimama mlangoni kwake mchana, jirani wakisikia, nikamrudishia maneno yake yote. Nakiri nilipanga hayo ya pili, na niliyapanga vizuri. Nikiwa napasi foronya nilikuwa namwambia wifi maneno ambayo yangemkata kabisa. Siku baada ya siku yalizidi kuwa makali, na mimi nikazidi kuona kwamba ninayafurahia kuliko nilivyofurahia chochote tangu msiba. Hilo likanitisha. Halafu nikikumbuka neno mkojo, yale maneno yote yanakuwa upuuzi. Kama kuna mtu kule ambaye ataanza kuumwa, kila mwezi ninaonyamaza ni wake, si wangu.

Jumapili baada ya ibada nilipita njia ya juu. Ilikuwa imeota majani pembeni, na mtu alikuwa amechimba mfereji nisioujua. Watoto wa jirani walinitazama wakaacha mchezo. Wifi alikuwa uani ameketi kwenye ngozi, anapukuchua mahindi. Hakusimama.

"Umepotea njia, wifi?"

"Sijapotea."

"Miaka yote hiyo hukuiona njia hii?"

"Nilikuwa natengwa. Utaionaje njia ukiwa unatengwa?"

"Nani alikutenga? Nani alikuja kwako akasema kaa huko?" Alitupa gunzi kwenye rundo. "Sisi tulisema, yule amejifungia mwenyewe, ana kiburi cha watu wa bondeni."

"Ulisema na mengine ya bondeni. Nilikuwa jikoni."

Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Hakukana. Na mimi nikaona kwamba hapo ndipo mahali pa yale maneno niliyoyapanga, na nikayaacha yapite.

Nilikaa chini ukingoni mwa ngozi. Nikamweleza kwa lugha yetu, maana kwa Kiswahili cha daktari ningekwama. Nikamwambia habari ya kibebeo chenye miguu miwili, na mistari ya panya na kuku na nzi, na ile nguzo. Nikamwambia walinipima mimi, na mimi ninayo ile ya wote. Nikamwambia kwa hiyo imepita kwa kaka yake, na labda kwa baba yao kabla yake. Nilisema kwa sauti ya chini ili nyumba ya jirani isisikie.

"Kwa hiyo umekuja kulipiza," akasema.

"Hapana."

"Umekuja kusema ni sisi."

"Nimekuja kusema kuna daktari, na mkojo ukiangaliwa mapema mtu haendi kama alivyokwenda mwanangu yule mdogo. Basi. Ukitaka nikupe namba yake, nitakupa. Usipotaka, nitarudi nyumbani."

"Kaka yangu alikuwa anaruka kwenye ngoma kuliko wote."

"Najua. Ndiyo maana nilimkubali."

Hilo lilimtoa kicheko kifupi puani, bila yeye kutaka. Kisha kuku wakasogea kwenye mahindi na hakuwafukuza. Nikawafukuza mimi. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye hindi ambalo lilikuwa tupu tayari.

"Kwa wako," akasema, "ilianzaje? Si ile ya kukakamaa. Kabla. Mwanzo kabisa."

Katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo isipokuwa watu wa hospitali. Nikamwambia kwamba mwanzo kabisa haukuwa ugonjwa, ulikuwa viatu. Mwanangu mkubwa alinunua raba mnadani, na baada ya muda mfupi ya kulia ikawa imelika mbele, kwenye ncha tu, soli nyuma ikiwa mpya. Nilimgombeza. Nikamwambia anatembea kama mlevi, anaharibu vitu, ainue mguu. Akasema, mama, nainua. Nikamwambia inua zaidi. Alijaribu, nilimwona akijaribu, akivuka ua huku amekaza uso, na ile ncha ikakwaruza tena. Tulicheka. Wote wawili tulicheka siku ile.

Wifi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Binti yake mkubwa, yule anayeuza ndizi Mto wa Mbu, alikuwa amekuja Krismasi na watoto wake, nilimwona kanisani kwa mbali.

"Wa kwangu mkubwa," wifi akasema, "ni kiatu cha kushoto."

Nikavuta hindi kutoka kwenye rundo lake nikaanza kulipukuchua.